Mji wa Kitambaa

Paisley, saa kumi na moja alfajiri,
maganda ya vitunguu yanachemka jikoni
na dirisha limeshalia hadi chini.
Bi Effie wa ghorofa ya pili ndiye mletaji:
huyakusanya kwenye mfuko wa mkate,
huutundika kwenye kitasa changu, hagongi.
Sufu nyeupe huingia sufuriani na haya zake,
hutoka na rangi ya chai ya rangi
iliyosahauliwa mezani.

Watu huniuliza, haya unayatoa wapi?
Wanataka niseme ndotoni.
Nayatoa kwenye basi.
Nayatoa kwenye kutu ya uzio karibu na mto,
misumari minane niliyoiokota, nikailaza katika siki
wiki nzima chini ya sinki,
kitambaa kikatoka na madoa
ambayo nisingeweza kuyachora hata kwa kulipwa.
Nayatoa shuleni ninakopakua viazi,
kwa mtoto aliyejimwagia juisi ya zabibu,
akalia, nami nikaliangalia doa linavyotambaa
kabla sijakumbuka kumfuta machozi.
Hilo nimelitubia.
Doa nimelitumia.

Kisha kijivu.
Kwetu Masasi kijivu kilikuwa kimoja, mtoto wa jivu.
Hapa imenibidi nizae vingine:
kijivu cha maji ya mchele,
kijivu cha sufuria iliyokwaruzwa,
kijivu cha njiwa aliyenyeshewa,
na kile cha saa tisa alasiri mwezi Desemba
ambacho bado sijakipatia uzi.

Siku yangu ya kwanza hapa
niliona kwenye kioo cha duka la mitandio
umbo nililolijua tangu mgongoni kwa mama:
tone lililopinda shingo.
Muuzaji akasema linaitwa kwa jina la mji huu.
Nikasema sisi twaliita korosho.
Akacheka kwa adabu. Sikuwa natania.
Mama alibangua korosho kiwandani miaka kumi na tisa.
Mafuta ya ganda yalimla vidole
mpaka mistari yake ikafutika,
na alipokwenda kuomba kitambulisho
mashine haikumjua.
Akarudi, akajifunga kanga yenye korosho pindo zima,
akasema, hizi angalau haziunguzi.

Basi hicho ndicho nilichokitanda:
mtande wa sufu ya hapa, mshindio wa pamba,
korosho moja kubwa katikati,
na ndani yake, badala ya maua, vidole.
Nikafuma majuma matatu. Nikarudi nyuma, nikatazama.
Kilikuwa kizuri.
Kizuri kama kadi ya pole.
Nikakifumua usiku mmoja,
uzi ukinirudia mapajani umejikunja,
bado unakumbuka ulipokuwa umekaa.

Nikaanza upya na uzi uleule mkaidi.
Safari hii vidole sikuvichora.
Niliacha mianya, mitano na mitano,
mwanga wa dirisha upite.

Kanga ina pindo, ina mji, ina jina.
Pindo nimeshaliweka, ni kutu.
Mji ni huu, wenye mvua na kengele za abasia,
mji ndani ya mji,
na wapangaji wenzangu siwezi kuwaeleza utamu wake.
Jina ndilo lililonishinda.
Nilijaribu methali, kila moja ilikaa
kama mgeni aliyeazima suti.
Niliandika la mama, nikaona hilo ni deni, si jina.

Jana nimekuta karatasi kitasani, pamoja na maganda,
mwandiko wa kutetemeka wa Bi Effie:
*Pipa la bluu ni Alhamisi. Nimekushushia.*
Nimeisoma ngazini mara tatu.
Ana miaka themanini na nne, goti moja la chuma.
Herufi zinatosha. Zinakaa vizuri chini ya mji.

Leo natafuta bluu.