Kule

Kwetu Kasese jina hufuata foleni ya kuzaliwa.
Mvulana wa kwanza Mumbere, wa pili Bwambale,
wa tatu Masereka, na wa nne, ndugu yangu, Kule.
Mwalimu wa Kiswahili pale Kilembe
alicheka siku ya kwanza: "Kule wapi?"
Kule akanyoosha kidole mlimani.

Nina picha ya kichwa chake, imepigwa Mulago.
Umeme ulikuwa umekatika,
Daktari Nansereko akaibandika dirishani,
jua la saa tisa likampenya ndugu yangu.
"Huu ukanda wa kijivu, hapa penye weupe.
Hizi seli zilikuwa zinapanda. Zikalala njiani."

Zinapanda kutoka wapi? nikauliza.

Mama ana mimba ya miezi mitatu, bado analima pamba.
Kichwa cha mtoto hakizidi ndimu changa,
na katikati yake kuna chumba cha maji.
Ukutani mwa chumba hicho seli zinazaliwa, usiku na mchana,
na hakuna inayokaa ilipozaliwa.
Kila moja hushika uzi uliovutwa toka ukutani hadi juu,
hurefusha unyayo mwembamba, hupapasa,
kisha huburuta kiini chake nyuma, kama mzigo.
Hupumzika. Hurefusha tena.

Hapo nikaelewa. Baba alikuwa mpagazi wa Rwenzori,
mkanda kwenye paji la uso, mguu mmoja ukijaribu matope ya Bigo
kabla mwili haujathubutu kuufuata.

Ila kuna sheria ya ajabu.
Waliotangulia hukaa chini.
Anayechelewa hupita katikati yao,
hodi, samahani wakubwa, hodi,
akakae juu ya vichwa vyao.
Nyumbani kwetu Masereka akimruka Bwambale atachapwa.
Kwenye ubongo, kitindamimba ndiye mwenye dirisha.

Na huko juu wapo wazee wa kwanza kabisa,
wanaomwaga kitu kama harufu ya moto wa kambi:
umefika, achia uzi, tua.
Kisha wengi wao hutoweka, bila shukrani.
Nyuzi zenyewe hazitupwi. Safari ikiisha
hugeuka walezi, huwalisha wale wale waliozipanda.

Za Kule hazikusikia harufu. Au uzi ulikatika.
Au herufi moja iliandikwa vibaya kabla ya yote.
Mama aliuliza kama ni jembe,
kama ni moshi, kama ni ile siku
alipovuka Nyamwamba imefurika.
Daktari akasema hapana, mara tatu.
Mama akaitikia kwa adabu. Hakuamini.

Hazikufa, hizo seli. Zinaishi, zinaongea,
ila zinaongea pasipo pao.
Zikipaza sauti zote pamoja Kule huanguka.
Namlaza ubavu, nahesabu sekunde,
namzuia jirani na kijiko chake.

Jana, baada ya ule mrefu, alilala hadi adhuhuri.
Alipoamka aliomba ile picha, akaiinulia juani.
"Biira. Hizi zilizobaki njiani,
zinajua kama hazijafika?"
Nikamwambia sijui.
Akafikiri, kidole juu ya ukanda wa kijivu.
"Basi tusiziambie."