Chini ya Jani

Ukipita Isyonje alfajiri, mvua za masika,
utaniona nimeinama kwenye matuta,
nageuza jani la kiazi, natazama chini yake.
Juu ni kijani, kama jana.
Baka halianzii juu.
Huanzia huku: vumbi jeupe, jembamba.
Ukiliona leo, umeokoa shamba.
Ukiliona keshokutwa, utanunua viazi kwa jirani.

Kwa hiyo siku daktari aliponieleza habari za damu ya Tusekile
sikuuliza mara mbili.

Mwanangu ana miaka tisa na figo tatu.
Mbili zake, zimesinyaa, waliziacha humohumo.
Moja yangu, imeshonwa chini, karibu na nyonga.
Saa mbili asubuhi, saa mbili usiku,
anameza vidonge vya kumlaza mlinzi
ili mlinzi asije akamfukuza baba yake.
Lakini mlinzi akilala, kawalalia wote.
Vipo virusi vilivyoingia zamani, vikajikunja
kama mbegu ya magugu ingojayo jembe.
Pengine vilitoka darasani.
Pengine, na hili niliuliza kwa sauti ndogo,
vilikuja ndani ya figo yangu mwenyewe.
"Inawezekana," daktari akasema,
akafunga faili polepole.

Kila mwezi tunashuka Mbeya na lori la viazi.
Nesi Sekela hautafuti mshipa, mshipa unamjua.
Kichupa kimoja, kizibo cha zambarau,
kinalazwa kwenye barafu, kinapanda ndege Songwe,
kinafika Dar es Salaam sisi bado tuko Uyole.
Huko wanahesabu.
Homa hana. Mkojo safi. Mtoto anaruka kamba.
Damu peke yake imeshaanza kusema.
Na kuna alama nyingine, bado wanaijaribu:
wanamwacha mwizi, wanamsikiliza mwenye nyumba,
jinsi mwili ulivyoshtuka usingizini
kabla haujajua umeshtushwa na nini.

Kwenye mwimo wa mlango mama yake huandika kwa mkaa
urefu wa Tusekile, na pembeni, namba.
Januari: mia na ishirini na moja. Sifuri.
Februari: kaongeza nusu. Mia nne.
Machi: palepale. Elfu sita.
Hapo wakapunguza dawa, kidogo tu,
kama mtu afunguaye lango upana wa kidole:
mlinzi aamke kiasi cha kumwona mwizi,
asiamke kiasi cha kuniona mimi.

"Hii ikishuka," Tusekile akauliza, kidole kwenye mkaa,
"ndiyo ile itapanda?"
Nikasema ndiyo.
Sikudanganya sana.

Leo ni siku ya majibu.
Sekela hapigi kabla ya saa nne,
na simu inatetemeka mfukoni saa tatu kasorobo.
Mikono yangu yote ni udongo.
Ngoja.
Ngoja kwanza nigeuze jani hili.