Hodi ya Arobaini

Gldani, Januari. Chumba cha mashine, juu ya ghorofa ya tisa.
Upepo unapenya kwenye kioo kilichozibwa kwa gazeti.
Nimekalia ndoo ya rangi, kompyuta mapajani,
na bodi yako, Ushangi, imelala juu ya taulo
kama mgonjwa asiyetaka kusema panapouma.

Nabisha. Skrini inajibu: kifaa hakionekani.
Nabisha tena. Kifaa hakionekani.
Mgeni mwenye adabu hupiga hodi tatu, akaenda zake.
Mimi sina pa kwenda: lifti imekwama kati ya nne na tano,
na huko chini nasikia mifuko ya viazi ikitua
ngazi baada ya ngazi, na jina langu likitajwa kwa ubaya.

Basi naanza upya, taratibu, kama anayehesabu pesa za watu.
Umeme: volti tatu na nukta tatu. Upo, hautikisiki.
Waya wa data na waya wa saa: nilivipachika kinyume.
Nabadilisha, naona haya peke yangu.
Kifaa hakionekani.
Waya wa ardhi: umeshikwa na uzi mmoja tu wa shaba,
na pasipo ardhi ya pamoja wawili wanaweza kusemezana usiku kucha,
kila mmoja asisikie ila mvumo.
Naulehemu. Moshi unanukia karakana yako.
Kifaa hakionekani.
Napunguza kasi, kutoka mapigo milioni nne hadi laki moja,
jinsi unavyomsemesha mtu aliyezinduka.
Wapi!

Saa tano usiku Tsiala wa ghorofa ya nane anapanda na chai ya glasi.
"Ameamka?" anauliza, kwa sauti kubwa kupita kiasi.
Natikisa kichwa.
"Ushangi alikuwa akimzaba kofi. Halafu anamwomba radhi."

Radhi.
Nikakumbuka daftari lako la kijani, ukurasa wenye doa la mafuta:
*Pini ziliniishia. Nimechukua zile mbili za mlangoni. Mniwie radhi.*

Ndiyo maana!
Mlango upo, lakini kila anapoamka, kazi yake ya kwanza
ni kuufunga na kuufanya dirisha la kitu kingine,
kabla sijainua hata mkono wa kubisha.

Kidole kwenye kitufe cha kuanza upya. Bonyeza. Shikilia.
Hapo hajalala, hajaamka; yu kwenye kizingiti cha pumzi.
Bisha sasa. Achia.
Nimechelewa.
Bonyeza, bisha, achia. Nimewahi mno.
Ukucha umegeuka mweupe, chai imepoa,
na mahali fulani karibu na hodi ya arobaini (niliacha kuhesabu, nakisia)
skrini ikasema, bila shangwe yoyote:
kifaa kimeonekana.

Kosa lenyewe halikuwa lako, au lilikuwa lako kidogo.
Kihesabu cha sarafu kilijaa:
elfu sitini na tano, mia tano thelathini na tano,
mtu mmoja akatumbukiza tetri kumi zake,
kikarudi sifuri, na lifti ikaona imewabeba watu wote bure.
Mistari miwili, nimemaliza.

Lakini zile pini. Niliufuata waya kwa tochi:
unatoboa sakafu, unashuka nyuma ya bomba,
unaingia jikoni kwa Tsiala, kwenye kitaa kidogo juu ya jiko.
Lifti ikisimama ghorofa ya nane, kinawaka mara tatu,
kwa ajili ya asiyesikia kengele.

Ningeweza kuurudisha mlango. Kazi ya dakika tano,
na fundi ajaye asingenilaani.
Nikachukua kalamu ya wino mzito, nikaandika kwenye kifuniko:
SHIKILIA. BISHA. ACHIA.
Na chini yake, kwa herufi ndogo: Waya mwekundu usiguswe.

Saa nane kasoro nikaingia kwenye lifti.
Haikusogea.
Nikapapasa mfukoni, ndoo mkononi,
nikitafuta tetri kumi.