Kilima, Amini

Yalitengenezwa mia mbili tu,
kwa kuwa sheria ya mashindano ilidai mia mbili,
si kwa kuwa kuna mtu yeyote aliyelihitaji kwendea sokoni.
Moja likaishia Pongwe, kwenye banda la singa za mkonge,
chini ya turubai,
na kuku wakataga kwenye kiti cha msoma ramani.

Mzee Virji ananipa ufunguo haraka, bila kunitazama,
kama mtu anayekabidhi mkojo wa kupimwa.
"Mgongo wangu umekataa. Wewe, Nakijwa, una mgongo."
Kesho kontena linafungwa bandarini.
Mnunuzi ameuliza swali moja: rangi ni ya kiwandani?

Nianze na aibu.
Asubuhi nililipeleka mjini kujaza upepo na petroli.
Klachi ni kusukuma kabati la bibi harusi ngazini.
Usukani hauna msaada; Kange niliukata kwa mabega.
Gia ya pili inagoma mpaka mafuta yake yapate moto,
breki baridi zinalia tu, hazishiki,
na Barabara ya Ishirini, nyuma ya bajaji iliyobeba magodoro,
sindano ya joto ikapanda, ikapanda.
Mwenye bajaji akageuka: "Dada'angu, limekufa?"

Halikufa. Halijui kutembea.
Wapo watu hivyo.

Jioni, barabara ya shamba.
Vumbi jekundu, mkonge kushoto, mkonge kulia,
na kwenye dashibodi karatasi ya njano iliyobandikwa zamani,
mwandiko wa Kanti, mdogo wake Mzee, penseli:

*Kulia nne, ndefu. Usikate. Jiwe.*

Gia ya tatu. Nakanyaga.
Hakuna kitu.
Nahesabu moja. Mbili.
Turbo imelala kama mlinzi wa alfajiri
halafu inaamka na deni la usiku mzima
na shingo yangu inabaki nyuma, mimi nimeshafika.

Sasa usukani mwepesi.
Kadiri ninavyokimbia ndivyo viganja vinavyosoma:
mchanga, kokoto, kokoto,
reli ya zamani ya mkonge, kinyesi cha ng'ombe, mchanga.
Hakuna neno linalofichwa.
Injini iko nyuma yangu, inanipumulia kisogoni,
uzito wote uko huko, na uzito huo una tabia:
ukiachia mafuta katikati ya kona, mkia unatangulia.
Gari hili husamehe ujinga kidogo.
Woga halisamehe.

Kulia nne, ndefu.
Jiwe lipo palepale. Mtu amelipaka chokaa.
Nikalipita kwa upana wa kiganja,
nikacheka peke yangu, kwa sauti, kama mwehu.

*Kushoto tatu, inafunga.*
*Mita mia.*
*Kilima. Amini.*

Kilima ni ukuta wa udongo na mbingu juu yake.
Huoni upande wa pili.
Kanti aliandika *amini*, akapigia mstari mara mbili,
penseli ikatoboa karatasi.

Nikapaa. Magurudumu manne yakanyamaza.
Kimya kile sijui nikifananishe na nini,
sijawahi kukisikia ndani ya kitu chenye kelele vile.
Likatua mara moja, sawa, kama paka,
likaniuliza: sasa wapi?

Mzee alisimama mlangoni mwa banda,
saa ya kupimia mbio mkononi. Inasoma sifuri.
"Nilisahau kubonyeza," akasema. Kisha:
"Pale kilimani. Uliachia?"
"Sikuachia."

Uongo. Niliachia, unene wa ukucha.
Mlio ulishamwambia, kilomita mbili mbali.
Akaitikia taratibu.
"Hata mimi. Kila mara.
Kanti peke yake ndiye aliyeamini,
maana upande wake hakukuwa na pedali."

Akaniomba nimsaidie kutandika turubai.