Tangi la Saa Tisa Usiku

Juni, Mufindi. Chai imevaa sakitu,
nyeupe kama iliyomwagiwa chumvi na mtu asiyejua kupika.
Kambi nzima imejikunja. Hata mbwa wa Kihongosi
amelaza pua mkiani, hana habari na mwizi.

Zamani, saa kama hii,
baba aliamka. Hakuamshwa na mtu,
aliamshwa na mfupa.
Alivaa koti la mpira akashuka kwenye boila
kuilisha mikaratusi, gogo kwa gogo,
wodi ya wazazi isipoe,
nyumba arobaini na mbili zipate maji ya kuvumilika.
Na mchana, vikaushio vya chai vikishiba,
bomba la moshi lilitema joto juu ya msitu,
joto zima, la bure,
sisi tukiwa juani hatuna shida nalo.
Hiyo ndiyo kesi yetu na moto:
ukija, hatupo; tukiutaka, umekwenda.

Wahenga walisema akiba haiozi.
Hawakuwahi kuweka joto.
Joto huoza, tena upesi kuliko maziwa.
Liache ndani ya debe uende kuokota kuni,
ukirudi unakuta maji tu,
maji yasiyokumbuka kitu.

Fundi Severina Nyagawa akaleta tangi,
refu kupita kanisa letu.
Akalivika maranda ya msonobari, unene wa mkono mzima,
juu yake mabati, akasema:
"Mtoto wa baridi habebwi kwa kanga moja."
Mabomba akayazika kando ya njia.
Tulicheka, tukauliza matanga ni lini.

Sasa mchana linakunywa
kile ambacho bomba la moshi lilikuwa likitapika.
Usiku linatoa, kidogo kidogo,
kama bibi anayegawa sukari.
Mimi naandika daftarini:
saa mbili, themanini na nane.
Saa sita, themanini na sita.
Saa tisa, themanini na nne.
Lori la kuni huja Jumatatu moja, ya pili linaruka.
Huko mlimani kuna miti iliyopaswa kuwa majivu,
bado inabishana na upepo.
Wodini, Gaudensia amepata pacha.
Wameogeshwa alfajiri, wakalia
kwa hasira, si kwa baridi.

Ni baba tu hajazoea.
Saa tisa mfupa unamwamsha.
Anavaa koti, anashuka, hakuna pa kutia gogo.
Anaweka kiganja kwenye bati la tangi.
"Limekufa," aliniambia usiku wa kwanza,
sauti ikimkatika.
Nikammulikia kipimo kwa tochi.
Siku hizi anagusa, anasikia barafu, anatabasamu:
nje pakiwa baridi, ujue ndani hapajavuja.
Kisha anapanda kilima kurudi kulala,
na kutoka chumbani kwao
namsikia mama akipiga ukelele:
"Mgovano! Toa huo mkono!"