Zamu ya Usiku

Mbegu zilikuja ndani ya bahasha ya vidonge,
ile ya kaki tuliyokuwa tukiandika 1 × 3,
kwa mwandiko wako, Mwanalima, unaoinama
kama mtu anayetembea dhidi ya upepo:
Usizifukie. Zataka kuona mwanga.
Maji kidogo. Subira.
Jina la ua hukuliandika, au uliliandika
pale karatasi ilipolowa.

Nilizinyunyiza kiwandani, pembe ya ukuta,
chokaa inapodondoka ikachanganyika na mchanga,
udongo fukara ambao hata mchicha huukataa.
Nikazikandamiza kwa kiganja
kama tunavyokandamiza pamba sindano ikitoka,
nikaondoa mkono taratibu.

Mwaka mzima zilinipa majani tu,
majani bapa yaliyolala duara,
mkeka usio na mgeni.
Mama Twalib alichungulia toka wikioni:
"Shoga, gugu hilo! Ling'oe upande mrehani."
Famau akaniletea gunia la samadi ya punda,
nikamrudisha nalo. Likishiba sana
litanenepa na kusahau kazi.
Siku moja nilitaka kulihamishia mtungini.
Nikachimba kwa kijiko, nikakuta mzizi
mnene, mweupe, umenyooka kama karoti,
umeshuka kufuata maji nisiyoyajua.
Nikaufunika. Kuna wagonjwa
hawahamishwi kitanda.

Kisima chetu kina chumvi, wakijua,
kwa hiyo nilitoa maji ya mvua pipani,
kikombe kimoja, alfajiri,
vidole vikihesabu bado matone ya dripu.
Miaka thelathini na mmoja, wodi ya wazazi, usiku.
Mimi nilistaafu; usingizi
haukupewa barua.

Masika ya pili likasimama.
Shina lina wekundu, tumba zimechongoka.
Na jioni moja, adhana ya magharibi haijaisha,
nimeshika birika la udhu,
tumba likatikisika pasipo upepo.
Ganda likarudi nyuma. Petali nne
zikajikunjua mbele ya macho yangu, papo hapo,
kama kichanga kinachofungua ngumi.
Manjano hafifu, yale ya koroboi
tuliyoinua umeme ulipokatika
na mama anasukuma.
Kisha la pili. Kisha matatu kwa pamoja.
Sala niliiwahi mwishoni mwishoni.

Nondo walikuja. Mama Twalib naye akaja
kuazima mbuzi ya nazi.
Akakaa kwenye kigoda mpaka isha,
hakusema neno, na hilo kwake ni ajabu;
akaondoka, mbuzi ameiacha.

Asubuhi yamesinyaa, yamelegea
kama glavu zilizovuliwa.
Siyakati. Vikonyo vikauke,
mbegu zijimwage zitakapo;
tayari mche mmoja umejiotea kwenye ufa wa ngazi
na watu wa nyumba wanauruka.
Nasikia mafuta yake huuzwa kwa chupa ndogo,
dawa ya wanawake wa umri wetu.
Mimi sikamui.

Simu yako haipatikani tangu Shaaban.
Basi naandika ripoti kama zamani, ukurasa wa nyuma,
uisome utakapoingia:

Saa kumi na mbili na nusu. Yamefunguka sita.
Moja limechelewa, nimekaa nalo.
Saa nane usiku, wote salama.
Hakuna aliyelia.