Kiatu cha Kushoto

Saa kumi alfajiri, Majengo, jogoo bado hajaamua,
nahesabu vichwa ndani ya Noah ya shemeji.
Elinami, miaka kumi na tano, kaziba masikio kwa hedifoni,
uso wa mtu aliyenyang'anywa kihamba.
Aikande, saba, kapakata kopo la karanga
kana kwamba ndiye dereva.
Anaeli, mwaka na miezi miwili,
kiatu cha kulia tu.
Cha kushoto tumekitafuta hadi chini ya jiko.

Songea ni mbali. Baba yao anasema, "Kesho mchana,"
Aikande anasikia, "Sasa hivi."
Tumeshafika?
Tuko Kiborloni.
Tumeshafika?
Tuko Kiborloni, mama, baba yako anajaza upepo.

Himo, Anaeli akatapika uji juu ya kitenge changu kipya.
Mwanga, Elinami akataka kujisaidia,
lakini si hapa, si pale, si mbele ya watu.
Same, karanga zikaisha.

Na muda wote mlima ulikuwa kwenye kioo cha nyuma,
mweupe, usio na haraka,
mpaka kona moja ukatoweka
na Aikande akaangua kilio:
"Tumeusahau!"

Nikafungua mdomo. Jibu sikuwa nalo.
Elinami, asiyesema neno la maana tangu juzi,
akavua hedifoni:
"Umebaki kulinda kiatu cha Anaeli."

Aikande akafuta kamasi kwa mkono wa sweta.
Akafikiri.
"Cha kushoto?"
"Cha kushoto."